Shikamoo ya Dikteta

Neno lilimkwama Mzee Melkizedeki kwa mara ya tatu. Yeye ni mkulima wa alizeti kutoka Ikungi, na kwenye filamu hii anaigiza mzee anayeitwa ikulu kuwa mshauri wa dikteta. Alitakiwa apige magoti na kusema shikamoo, lakini aliyeigiza dikteta alikuwa kijana wa rika la mjukuu wake.

"Tutafute mzee mwingine," mwongozaji alisema.

Kijana akashuka kitini. Akavua kofia yenye nyota, akapiga goti vumbini, medali zikigongana kifuani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Asante sana. Sasa rudi kwenye kiti chako."

Kamera zikawashwa. Mzee akapiga magoti taratibu.

"Shikamoo, mtukufu."

Dikteta alitakiwa acheke. Badala yake akasimama kwa heshima.