Vidole Viwili

"Huyu amezidi, mzee," alisema dada Mkenya aliyekuwa akipima farasi langoni pa uwanja wa mashindano, akamgeuzia Séverin simu yenye hesabu. "Kila mkono ni inchi nne. Inchi hamsini na nane gawa kwa nne ni mikono kumi na nne nukta tano. Mwisho wetu wa urefu ni kumi na nne nukta mbili."

Binti yake Séverin, aliyetaka kumpanda, alikwisha kuanza kufungua kofia ya kuazima.

Séverin, mtunza farasi katika uwanja wa mbio wa Greyville kwa miaka sita, hakubishana na simu. Alichuchumaa, akalaza kiganja kwenye kwato, dole gumba limebanwa, akapanda kiganja juu ya kiganja mpaka begani. Vilipotimia kumi na vinne, ilibaki nafasi ndogo. Akaijaza kwa vidole viwili.

"Dada, hii nusu ya mukono iko inchi ngapi?"

"Mbili."

"Na ile mbili ya mwisho wenu, iko mbili ya nini?"

Dada akavitazama vile vidole, kisha akapasuka kicheko hadi farasi akasimamisha masikio. "Eish! Ni inchi! Basi huyu amefika tu, hajazidi."

Séverin aligeuka kumwambia binti yake. Aliuona mgongo wake tu, tayari juu ya tandiko, ukiingia uwanjani.