Unyevu Nyuma ya Kabati

Kile kifaa cha kupimia unyevu kililia tena, na Bi Rukaiya akakitazama kama anavyotazamwa mbwa aliyeingia jikoni.

"Hapa pamelowa, mama," mkaguzi alisema.

"Nyumba ina miaka sitini. Ulitaka ukute nini?"

Mkaguzi aliendelea kupapasa ukuta. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, amevaa kizibao cha rangi ya machungwa, na kitambulisho shingoni kilisema anaitwa Philemoni. Wakaguzi wa nyumba za zamani walikuwa wakizunguka mtaa wa Ngarenaro tangu masika yaishe, na nyumba iliyokutwa imeoza kwa unyevu wapangaji wake walihamishwa. Kwa hiyo Bi Rukaiya hakuweza kumfungia mlango, ingawa alitamani sana. Alichoweza ni kumnyima kiti, na alimnyima.

Hata adabu zake zilimkera. Alivua viatu bila kuambiwa, akauzunguka msala badala ya kuukanyaga. Bi Rukaiya aliziona kuwa adabu za mtu anayetafuta kitu, na mtu wa namna hiyo hakumtaka karibu na kabati.

Nyuma ya kabati kulikuwa na mlango wa stoo, na ndani ya stoo alikuwamo Nusura. Alikuwa ametoroka Babati wiki sita zilizopita, mkono mmoja umefungwa plasta. Bi Rukaiya hakuwa ndugu yake. Aliletewa tu, akampokea. Mume wa Nusura, ambaye Bi Rukaiya hakuwahi kumtia machoni, alikuwa ameapa kwamba akimpata atammaliza, na hakuna aliyemjua yule bwana aliyedhani anatania. Ndiyo maana hata majirani hawakujua kama kuna mtu mle ndani.

Asubuhi hiyo Nusura alikuwa akikohoa, kama alivyokohoa wiki nzima. Mgeni alipobisha mlangoni aliendelea kukohoa, lakini mgeni alipotoa shikamoo yake tu, kikohozi kikakatika. Bi Rukaiya alimsifu moyoni. Binti ana akili, alijisemea.

Sasa mkaguzi alikuwa amechuchumaa pembeni ya kabati, anabandua rangi kwa ukucha.

"Paa linavuja," Bi Rukaiya alisema.

"Maji ya paa yanaanzia juu. Haya yameanzia chini."

"Basi ni choo cha jirani."

"Cha jirani kingenuka. Haya ni maji safi, yanamwagika kidogo kidogo kila siku." Aligusa ukuta karibu na sakafu. "Mtu anatawadha upande wa pili."

"Ni mimi."

"Wewe unatawadha uani, mama. Nimeona birika lako pale bombani, na kigoda chako. Halafu hii kuvu nyeusi hapa juu haitokani na maji ya kumwagika. Inatokana na pumzi. Kuna mtu analala humu, na chumba hakina dirisha."

Bi Rukaiya alikwenda jikoni, akarudi na mchi. Alikuwa na miaka sabini na mbili na magoti mabovu, lakini mikono yake ilikuwa imetwanga tangu utotoni.

"Gusa hilo kabati," alisema, "nikupasue kichwa, nikafungwe. Nimeshaishi vya kutosha."

Mkaguzi aliweka kifaa chake sakafuni taratibu, akainua viganja.

"Sijaja kwa ubaya. Sitaki hata kujua ni nani. Nilikuwa na dada, mama. Naye alijificha hivi hivi, kwa watu wasiomjua. Hakuna aliyemficha vizuri."

Akachukua fomu yake, akaandika akiwa amesimama, kisha akamgeuzia asome. Bi Rukaiya aliisoma mara mbili, mchi ukiwa bado begani. Chumba cha mbele, ukuta mkavu. Chumba cha nyuma, ukuta mkavu. Hakuna tatizo.

Wiki sita alikuwa akilala kwa jicho moja, akiwajibu watu vibaya sokoni na msikitini ili wasimtembelee, na sasa mtu wa kwanza kugundua alikuwa ameandika uongo kwa ajili yake. Aliona aibu kwa ile jeuri yote. Akauegemeza mchi ukutani, akamvutia mgeni kiti.

"Kaa, mwanangu. Ninywe nawe chai."

"Nashukuru. Ila mfungulie kwanza huyo apate hewa, kifua kitamharibikia. Mlango wa nje nimeshautia komeo, hakuna atakayeingia."

Bi Rukaiya hakuwa amemsikia akitia komeo, lakini aliona amefikiria vizuri. Alilisukuma kabati kwa bega mpaka mlango wa stoo ukaonekana. Akaugonga mara mbili, kama walivyozoea, akaufungua.

"Toka, binti yangu. Huyu ni mtu mwema."

Nusura alikuwa amejibana kwenye kona ya mbali kabisa, juu ya godoro, kiganja kimeziba mdomo. Hakumtazama Bi Rukaiya. Alitazama nyuma ya bega lake, akitikisa kichwa, na machozi yalikuwa yameshalowesha shingo.

"Usiogope," Bi Rukaiya alisema. "Ni mkaguzi tu. Ameandika hakuna kitu."

Nyuma yake kiti kilisogea, na mchi ukainuliwa kutoka ukutani.

"Vaa viatu, Nusura," mkaguzi alisema kwa upole. "Gari la Babati linatoka saa sita, nimeshakata tiketi mbili."