Lebo ya Chupa

Mama Tunu alirudi kwenye dirisha la dawa na chupa mkononi, mtoto kamfunga mgongoni, kichwa kinaning'inia.

"Haamki, dada. Nimempa kijiko kama mlivyoandika."

Bi Salome, mfamasia, aliisoma lebo: *kijiko, kutwa mara tatu*. Kwenye kompyuta alikuwa ameandika *nusu kijiko*. Printa ilikuwa imelikata neno la kwanza. Zamani alikuwa akimwambia kila mzazi kipimo kwa mdomo, lakini tangu mashine ije alikuwa anagonga tu na kukabidhi.

Muuguzi alimchukua mtoto mbio, akaingia naye kwa daktari na kufunga mlango. Mama Tunu alibaki nje na kanga tupu.

Zuberi, fundi aliyefunga kompyuta ile na programu yake ya kuchapa lebo, aliitwa. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa lebo, pale neno lilipokatwa.

"Hizi programu za bure tunaziandika watu wengi, mama. Kila mmoja ana kipimo chake cha ukingo wa karatasi. Tunakutana tukubaliane kimoja, lakini bado tunabishana."

"Mnabishana nini, baba?" Mama Tunu aliuliza.

"Maandishi yaanzie wapi."

Mama Tunu aliutazama ule mlango.

Bi Salome alichukua kalamu, akaanza kuandika *nusu* kwenye chupa zilizobaki rafuni, moja baada ya nyingine. Katikati ya kazi mkono ulisimama. Akainua macho, akatazama nje, kwenye barabara waliyoondokea kina mama aliowapa dawa ile asubuhi, kila mmoja na chupa yake.