Mkono Uliozoeleka

“Samahani. Wewe si mwenyewe,” kompyuta ya mkononi ilimwambia dobi kwa mara ya tano, kwa sauti ile ile ya upole, tena mbele za watu.

“Umesikia, shemeji?” Mumewe alimgeukia kaka mtu, aliyekuwa amesimama mlangoni pa kibanda cha fundi na sanduku la nguo mkononi. “Umesikia kwa masikio yako? Kitu kanunua kwa jasho lake, leo kinamkana!”

Sanduku lilikuwa la dobi. Mumewe ndiye aliyelifunga asubuhi hiyo, kwa hasira, mpaka ukosi wa gauni moja ukabaki unachungulia nje. Na alikwisha kusema la kusema: fundi akithibitisha kwamba kuna mtu mwingine, mke aondoke na kaka yake hapo hapo kibandani, mtoto abaki kwa baba yake. Mtoto mwenyewe ana miaka minne. Saa hiyo alikuwa kwa jirani, kichwa kimesukwa nusu, anamsubiri mama arudi amalizie.

Fundi, mama mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja utosini, alishusha pumzi. Tangu mfumo mpya uingie alikuwa ameamua kesi za ndoa nyingi kuliko vioo vilivyopasuka alivyowahi kutengeneza, na hakuna aliyemlipa kwa kuamua.

“Nisikilizeni, halafu mtapigana nje,” alisema. “Namba za siri zimekwisha kazi. Mfumo huu unamjua mtu kwa mkono wake: anakishikaje kifaa, kidole kinatembea vipi, anasoma haraka au polepole. Wiki mbili za kwanza namba ilikuwa bado inakubali, lakini mfumo ulikuwa unajifunza kimyakimya. Zikiisha wiki mbili, mkono uliokishika zaidi ndio mwenyewe. Wengine wote hauwatambui.”

“Na zimeisha lini?” kaka aliuliza.

“Kwa kifaa hiki, leo alfajiri.”

“Haya!” Mume alipiga kofi mezani, bisibisi zikaruka. “Mimi vitu vyake hata sivigusi, ndiyo heshima ninayompa. Kumbe yeye anavigawa! Mkono wa mwanamume huo!”

“Sijasema wa mwanamume, baba. Nimesema mkono.”

“Basi wa nani, wa paka?”

Dobi alijaribu kufikiri, lakini atafikiri vipi mtu anapigiwa kelele hivyo? Kule hotelini anakofua, mvuke ni mwingi na vifaa haviruhusiwi. Huondoka kabla ya jua akikiacha chake nyumbani juu ya kabati, hurudi saa kumi yuko hoi, humpigia mama yake maneno mawili matatu, basi, usingizi. Nani mwingine? Halafu akamkumbuka seremala, mpangaji mwenzao.

“Nilimwazima seremala,” alisema. “Mara mbili tu! Alikuwa anawapigia wateja wake.”

“Si unaona! Si unaona, shemeji! Na wewe acha kujifanya huna habari. Jumanne umemwandikia dada yako avumilie. Avumilie nini? Mimi nimemfunga kamba?”

Kaka alihamishia sanduku mkono wa pili, macho chini. Aibu ya dada yake ilikuwa imemjaa.

“Fundi,” dobi aliomba, “mara mbili zinaweza kufanya hivi? Niambie, mama yangu.”

Fundi alichomeka waya, akatazama kioo chake muda mrefu. Alipoinua uso hakuwa na raha.

“Sitakudanganya, mwanangu. Mara mbili hazitoshi. Huu mkono umekishika masaa, kila siku ya Mungu, kukuzidi wewe mara tatu. Huyu mtu amekizoea.”

Mume alitabasamu, tabasamu baya la mtu aliyeshinda kesi. “Kila siku ya Mungu,” alirudia, akilitafuna kila neno. “Na mimi nimo ndani, nimelala kama gogo.”

Kaka alichomoa waya mwenyewe, akamrudishia dada yake kifaa bila kumtazama. “Twende, mdogo wangu,” alisema. “Usiniaibishe zaidi.”

Hapo ndipo dobi alipochoka. Matusi ya mume alikwisha kuyazoea, lakini kaka yake wa tumbo moja! Kaka aliyembeba mgongoni! Machozi yalimtoka, na nyuma ya machozi ikaja hasira ambayo hata yeye hakujua anayo.

“Siendi!” alifoka. “Ng’o! Nimekosa nini, mnihukumu nyote watatu kwa neno la kidude hiki?” Akamgeukia mumewe. “Wewe unamtaka mwanamume, sivyo? Haya, mwenzangu, nenda kamtafute. Piga hodi nyumba hadi nyumba. Kila mwenye mkono, mbandike. Kikimwitikia hata mmoja, naondoka bila sanduku, na mtoto nakuachia.”

“Usiniletee…” Mume alirudi nyuma, lakini kibanda kilikuwa kidogo na mgongo wake ukagota kwenye rafu.

Dobi alimkamata mkono, akambandika kifaa kiganjani, akamfumba vidole vyake kwa nguvu za mtu anayekamua mashuka ya watu kutwa nzima. “Shika! Kamtafute!”

Kioo kikawaka kijani.

“Karibu, mwenyewe,” kifaa kilisema kwa furaha. “Leo umechelewa. Nikuwekee ujumbe wote mpya, au tuanze na ule wa kaka, kama kawaida?”