Nukta Nyekundu

Sihaba aliweka mezani kipande cha chuma kilichokatika. Kilikuwa kikishika panga la helikopta yake ndogo ya rimoti. Kilipokatika, helikopta ilianguka, panga likachomoka likampasua jicho la kushoto.

"Pole sana, dada," alisema Bwana Kachenje, mwenye kiwanda kilichoitengeneza, akiwa ameketi ofisini mwake. "Lakini uliikaza mno skrubu. Kila kipande hapa hukaguliwa, na kilicho kizima hutiwa nukta nyekundu. Nukta hiyo hapo."

"Tazama pale kilipokatikia."

Akatazama. Rangi nyekundu ilikuwa imepenya hadi katikati ya chuma. Kilipotiwa nukta, kilikuwa kimeshapasuka.

Kachenje akasogeza karatasi. "Tutakupa kingine. Saini tu hapa kwamba tumemalizana."

Sihaba hakuigusa. Alifunga mlango kwa ufunguo, akachukua helikopta mpya na rimoti yake kabatini, akaisimamisha mezani, mapanga yake mawili yakiwa usawa wa koo la Kachenje, kila moja likishikwa na chuma chenye nukta nyekundu.

"Hii imekaguliwa?"

"Dada, tafadhali..."

"Nimekuuliza, imekaguliwa?"

Akabonyeza rimoti. Mapanga yakaanza kuzunguka, karatasi ikapeperuka, na zile nukta mbili nyekundu zikaungana, zikawa duara moja.