Mistari Minne

Kila kaya ilijiandikia daftari lake, mstari mmoja kwa kila mtu, na kilichoandikwa humo ndicho kilichokuwa kweli. Mama mkwe wake alipofariki alfajiri, Mwanakombo alisimama mbele ya kioo cha daftari kilichokuwa jikoni, macho yamemvimba kwa kulia, akaandika amri: hali iwe marehemu. Akathibitisha kwa kidole gumba.

"Mistari minne imebadilishwa," kioo kikajibu.

Jiko likazimika, uji haujaiva.

"Kwani uliandika ni nani aliyekufa?" mumewe, Shee, akauliza.

Mwanakombo akaisoma tena amri yake. Jina hakuliweka. Bila jina, amri ilikuwa imewazoa wote wa nyumba ile: marehemu, yeye, Shee na binti yao Tima.

Akapiga simu ya msaada.

"Kosa hili ni la kawaida kwa wanaoanza, dada," sauti ikamwambia kwa upole. "Siku nyingine, omba kwanza uonyeshwe mistari itakayoguswa, ndipo ubadilishe."

"Nimeelewa. Sasa narudisha vipi?"

"Amri ya kurudisha hutolewa na mwanakaya aliye hai."

"Mimi niko hai! Si unanisikia?"

"Nakusikia, dada. Hamna mwingine humo ndani?"

Saa nne bomba nalo likakauka, kama la nyumba isiyo na mtu hai. Jirani yao, Bi Saumu, akapiga hodi, mkeka kwapani. Daftari lilikuwa limeshatangaza msiba. Akamtazama Mwanakombo, akamtazama Tima aliyekuwa akililia uji, akajifuta machozi kwa ncha ya leso.

"Poleni jamani," akasema. "Mnazikwa saa ngapi?"