Sauti Niliyoifuta

Tulikuwa tunaifukiza nyumba ya marehemu kwa majani mabichi ya mkaratusi, Kiarna, mtoto wa kaka yake, akiwa amesimama mlangoni, mkono mmoja mfukoni, simu yake ilipoanza kusema.

"Mwanangu, umekula?"

Wanawake wakaacha kufagia. Ilikuwa sauti ya marehemu, na kwetu aliyekufa hatajwi jina wala sauti yake haisikilizwi.

Niliirekodi mwenyewe klinikini ninakofanya kazi, alipokuwa hai, kwa ajili ya vijana tuliohofia kwamba wangejidhuru. Simu ikiwauliza kwa sauti ya shangazi yao, walikuwa wanajibu. Asubuhi aliyofariki niliifuta kote.

"Nimekula, Shangazi," Kiarna akasema, kama anayeongea na mtu aliye jikoni.

"Umelala?"

"Kidogo."

"Zima hicho kitu, we mtoto," mtu akanong'ona ndani ya moshi.

Nikaichukua simu mkononi mwake. Kioo kilikuwa giza tupu, nacho kimeshika ukungu, kana kwamba mtu amekipumulia kwa karibu.

"Na vidonge hivyo ulivyoficha mfukoni," ikauliza, "ni vya nani?"

Swali hilo sikuwahi kulirekodi.

Kidole changu kilikuwa kimeshagusa kitufe cha kuzima, bibi yake Kiarna, mama wa marehemu, aliponishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimejaa majivu, na vilinibana hadi nikaumia.

"Mwache mwanangu amalize," akasema.

Mkono wa Kiarna ukaanza kutoka mfukoni, polepole, ukiwa umefumbwa.